Mizani Saba

Wigi walilompa lilikuwa la kichwa cha mwanamume.
Akalijazia gazeti la asubuhi ile ile,
ukurasa ulioandika kwamba hatamaliza mwezi,
akaingia mahakamani Dundee, mwaka wa sabini na moja,
habari zake zikimkwaruza utosini.

Bawabu alikuwa amemwonyesha benchi la mashahidi.
Chumba cha kuvalia joho kilikuwa cha wanaume;
yeye akavalia stoo, kati ya mafagio na ndoo,
miaka minne. Alisema ndoo hazikumuuliza swali hata moja.

Ishbel Gourlay, binti wa mfuma magunia.
Kule kiwandani mitambo ilipiga kelele hadi masikio yakafa,
wanawake wakasemezana kwa midomo mitupu,
na mtoto akajua kusoma midomo kabla ya herufi.
Basi wakili aliyenong'ona mbele yake
alikuwa amepayuka.

Mimi nilikuwa mkalimani. Nililipwa kwa saa.
Nimekulia Muheza, baba yangu alikata mkonge;
nilipomwambia, aliuliza kama nyuzi za kwetu nazo huchana vidole.

Siku ile alisimamishwa Shekuwe, mpishi wa meli,
alikamatwa na koti la mtu mwilini, Februari,
theluji imeganda kwenye vioo.
Nilitafsiri shtaka. Nilitafsiri "ndiyo" yake.
Jaji akaweka kalamu chini.
"Midomo yake imesema neno moja mara tatu. Hukunipa."
Nikasema, si ushahidi, mheshimiwa.
"Sikukuuliza kama ni ushahidi."
"Anasema: baridi."
Akamtia hatiani. Koti lilikuwa na mwenyewe, na sheria ni sheria.
Kisha akainuka na joho lake lote,
akateremka ngazi tatu,
akalifunga dirisha.

Hatukujua kwamba anaandika.
Aliandika nyuma ya fomu za kuahirisha kesi,
huku mawakili wakitafuta faili walizozisahau nyumbani.
Kikatoka kijitabu kimoja, chembamba, kwa jina la mama yake.
Nakala moja ilinifikia katika bahasha, na kikaratasi:
"Nipe kwa lugha yako. Nataka kuona midomo yangu ikisema nini."

Nikamweleza kwamba kwetu shairi hupimwa.
Kwamba neno la kuhesabia silabi na neno la kupimia haki
ni hilo hilo, mizani;
na mstari unaofunga ubeti tunauita kituo,
kama pale polisi wanapokulaza.
Alicheka hadi akakohoa. Akaniomba nirudie, polepole,
akayaandika kiganjani kama mtoto wa shule.

Kulikuwa na msichana wa Lochee, aliyeiba maziwa ya kopo.
Miezi sita. Mtoto alizaliwa ndani.
Kwenye kijitabu chote ana ubeti mmoja tu, nami nimeufunga hivi:

Wengi nimewapimia, kwa mizani ya wenzangu,
Kila kosa na fidia, kila mja lake fungu,
Mtoto aliyelia, yu ndani ya moyo wangu,
Nikiinua mizani, mkono ni mtupu.

Hesabu. Nane, nane, nane,
na kipande cha mwisho kina saba.
Ningeweza kuandika "mkono wangu mtupu",
mizani ingetimia, malenga wa kwetu wasingenicheka.
Lakini na kwake mstari ule ulichechemea:
neno moja lilikatwa kwa wino hadi karatasi ikatoboka.

Nilimfuata Broughty Ferry kumuuliza ni neno gani.
Machi, mrija puani, wigi limetundikwa kwenye msumari
karibu na mwavuli, gazeti bado limo ndani, njano.
Alinitazama muda mrefu.
Midomo ikacheza, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.
Sauti haikutoka.

Na mimi, mkalimani, sijui kusoma midomo.